Saa ya Kompyuta na Maji ya Salale

Huko Salale, kwenye delta ya Rufiji, chombo hungoja maji, na maji kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Nahodha analijua hilo, hashangai. Sisi wa mjini twaiamini mno kompyuta.

Saa yake huendeshwa na fuwele itetemayo mara 32,768 kwa sekunde. Ikikosea sehemu 20 katika milioni, kwa siku hupotoka sekunde 1.7. Kidogo? Kwenye mtandao, jibu laweza kuandikwa limefika kabla ya swali!

Dawa ipo: kompyuta huuliza saa kuu, hupima muda wa kwenda na kurudi, hukadiria nusu yake, hujirekebisha.

Kwa hiyo nasema, mkigombania nani alilipa kwanza, ulizeni kwanza: saa hizo zilirekebishwa lini?