Hoteli ya mwezini iliyowagawa mashabiki wa Arctic Monkeys

Albamu ya sita ya Arctic Monkeys, Tranquility Base Hotel & Casino, ilitoka tarehe 11 Mei 2018, na wasikilizaji wakagawanyika papo hapo. Walioipenda walisema vijana wa Sheffield wamekuwa watu wazima. Walioichukia walisema Alex Turner, mwimbaji na mtunzi wa bendi, amewatupa mkono. Kwa miaka mitano walikuwa wamesubiri mrithi wa AM, albamu ya 2013 yenye magitaa mazito na midundo iliyotikisa viwanja vizima. Walichopewa ni nyimbo 11 za mwendo wa taratibu, zilizotungwa kwenye piano, kuhusu hoteli na kasino iliyojengwa mwezini, pale pale walipotua wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969. Naitetea albamu hii, ila siungi mkono utetezi uliozoeleka kwamba walioikataa hawakuielewa. Wengi waliielewa vizuri tu. Walipokosea ni pale walipoamua kwamba uti wa mgongo wa bendi hii ni gitaa, kisha wakaihukumu kwa kipimo hicho.

Kwanza wapewe haki yao. Bendi haikutoa singo hata moja kabla ya albamu. Msikilizaji aliyeachana nao mwaka 2014, mwisho wa ziara ya AM, hakuonjeshwa chochote cha kumwandaa. Aliamka siku moja na kukuta kazi nzima imeshuka, dakika 40 hivi, na wimbo wa kwanza, Star Treatment, unakaribia dakika sita bila kibwagizo cha kushika. Besi inatembea pole pole, kinanda kinadondosha noti zake kwa nafasi, na Turner anaimba kama mtu anayesimulia maisha yake kwa mgeni aliyeketi karibu naye baa. Mtu aliyekuja kwa ajili ya gitaa la Do I Wanna Know?, wimbo wa AM, lile linalojitambulisha katika sekunde chache za kwanza, ana kila sababu ya kuhisi amekosea mlango. Tukumbuke pia jinsi muziki unavyosikilizwa siku hizi. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukishapita sekunde 30, na vidole vya watu vimezoea kuamua mapema kuliko hapo. Albamu iliyotungwa isikilizwe kwa mfululizo, mwanzo hadi mwisho, iliingia katika soko ambalo wimbo mmoja mmoja hupigiwa kura kabla haujafika katikati. Kuvunjika moyo kwa watu hao hakukuwa upumbavu.

Hata hivyo, kuvunjika moyo ni jambo moja, na kutangaza kwamba bendi imeishiwa ni jambo jingine. Ili dai hili la pili lisimame, tuulize ni nini hasa kiliwafanya Waingereza waikimbilie Arctic Monkeys tangu mwanzo. Albamu yao ya kwanza, Whatever People Say I Am, That's What I'm Not, iliuza nakala zaidi ya 360,000 nchini Uingereza katika wiki yake ya kwanza, Januari 2006, rekodi ambayo hakuna bendi iliyokuwa imewahi kuifikia kwa albamu ya kwanza. Gitaa la kasi zilikuwa nalo bendi nyingi wakati ule. Nchi ilikuwa imejaa vijana wenye nywele za kufunika macho wakipiga roki ya namna hiyo. Kilichowatofautisha hawa wanne kilikuwa jicho la Turner. Aliandika juu ya mabaunsa wanaowarudisha watu mlangoni mwa klabu, juu ya abiria waliojazana kwenye teksi usiku wa manane wakigombana na dereva, juu ya mitaa ya Sheffield inayobadilika jua likizama. Aliandika kwa lafudhi ya kwao, kwa maneno ya rika lake, na kijana aliyesikiliza alijiona mle ndani.

Jicho hilo halikufumba mwaka 2018. Sikiliza Four Out of Five, wimbo ambao hatimaye ulitolewa kuwa singo. Msimulizi anautangaza mgahawa wa vyakula vya Kimeksiko uliofunguliwa juu ya paa huko mwezini, anajivunia nyota nne kati ya tano ulizopewa, na pembeni anagusia kwamba mtaa umeanza kupanda bei na kubadilisha sura. Jina la mgahawa wenyewe limebeba dhana ya Neil Postman, mwandishi wa Kimarekani ambaye katika kitabu chake cha 1985, Amusing Ourselves to Death, alieleza jinsi habari zinavyotumiminikia kuliko uwezo wetu wa kuzifanyia kazi. Kuelekea mwisho muziki unapanda ufunguo, kisha unapanda tena, na tangazo lile lile linarudiwa kwa sauti kubwa zaidi, kama biashara inayozidi kujikuza bila kuwa na kipya cha kuuza. Huyu ni mwandishi yule yule aliyesimama kwenye foleni ya teksi akisikiliza watu wanavyozungumza. Lililobadilika ni kwamba sasa anasikiliza lugha ya matangazo, ya simu za mkononi, ya watu wanaopima kila kitu kwa nyota. Na albamu iliyobeba wimbo huo ikaishia kupimwa kwa nyota hizo hizo.

Kuna pingamizi hapa ambalo nalichukulia kwa uzito. Sheffield ilikuwa ya wote, utasema. Foleni ya teksi kila mtu anaijua, lakini hoteli ya mwezini ni ya nani? Je, huku si kujitenga na watu waliokubeba? Jibu langu ni kwamba mwaka 2018 Turner alikuwa na miaka 32, tajiri, akiwa na nyumba Los Angeles. Angeweza kuandika tena juu ya mabaunsa wa Sheffield, na mashabiki wangeshangilia, lakini angekuwa anaigiza maisha aliyoyaacha zaidi ya miaka kumi nyuma. Hoteli ile ni mahali pa mtu aliyewekwa juu sana akawa mbali na watu, anayewatazama kupitia kioo, anayeanza wazo na kulipoteza katikati, kama inavyotokea ndani ya wimbo wa One Point Perspective. Upweke wa namna hiyo hauhitaji umaarufu ili ueleweke. Mtu yeyote aliyekaa usiku peke yake akipekua simu anajua hisia hiyo inafananaje.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nami silijibu lote. Wapo waliosema kwamba hii ni kazi ya Turner binafsi iliyobandikwa jina la bendi. Historia yake inawapa hoja. Meneja wao, Ian McAndrew, alimzawadia Turner piano ya Steinway alipotimiza miaka 30, na nyimbo zikazaliwa hapo nyumbani, akizirekodi mwenyewe kwenye mashine ya tepu. Baadaye wenzake walijiunga, na kazi ikaendelea pamoja na prodyuza wao wa muda mrefu, James Ford, ikiwemo katika studio ya La Frette karibu na Paris. Ukisikiliza kwa makini utasikia ni bendi: gitaa linaingia kwa kiasi na linajua lini linyamaze, na besi ya Nick O'Malley ndiyo inayobeba uzito wa nyimbo kadhaa. Lakini Matt Helders ni mmoja wa wapiga dramu hodari wa kizazi chake, na hapa amefungwa breki. Msukumo wake, ule uliofanya wimbo wao wa I Bet You Look Good on the Dancefloor usikalike kitini, haupo. Hii ni hasara ya kweli, na anayeilalamikia halalamiki bure. Nadhani wimbo mmoja au nyimbo mbili zingemwachia Helders nafasi bila kuivunja hali ya hoteli ile, na albamu ingenufaika.

Wengine hukimbilia namba. AM iliuza zaidi ya nakala 157,000 katika wiki yake ya kwanza Uingereza. Tranquility Base iliuza kama 86,000. Nusu, basi, na kesi imekwisha? Kati ya 2013 na 2018 wanunuzi walikuwa wamehamia kwenye kusikiliza mtandaoni, na mauzo ya karibu kila msanii yalishuka. Bado albamu ilishika namba moja, na zaidi ya nakala 24,000 za santuri ziliondoka wiki ile, mauzo ya kasi kuliko santuri yoyote nchini humo kwa robo karne. Watu hawanunui santuri kwa ajili ya wimbo mmoja. Huyo ni msikilizaji aliyekubali kuketi na kazi nzima, ingawa siwezi kudai kwamba kila aliyenunua aliipenda.

Isitoshe, ugomvi huu haukuwa wa kwanza. Mwaka 2009 walipotoa Humbug, iliyorekodiwa kwa sehemu jangwani California pamoja na Josh Homme wa Queens of the Stone Age, wapenzi wa mwendo wa kasi walinung'unika vivyo hivyo: giza limezidi, kasi imepungua, vichekesho vimekwisha. Lakini bila uzito uliopatikana jangwani kule, AM isingesikika ilivyosikika. Na ndani ya AM yenyewe, wimbo wa mwisho, I Wanna Be Yours, uliojengwa juu ya shairi la John Cooper Clarke, ni wa polepole, umekaa nyuma ya vishindo vyote. Karibu muongo mmoja baadaye vijana waliokuwa watoto ulipotoka wakauibua, na umesikilizwa kwenye Spotify mara zaidi ya bilioni moja. Sisemi kwamba muda utaifanyia Tranquility Base vivyo hivyo. Muda husahau pia kazi nzuri. Ninachosema ni kwamba dai kwamba mashabiki wa bendi hii ni watu wa vishindo tu limekanushwa na mashabiki wenyewe.

Mwaka 2022 ilikuja The Car, yenye ala za nyuzi na mwendo wa taratibu zaidi, na kwa mara ya kwanza albamu ya Arctic Monkeys ilikosa namba moja Uingereza; ilishika ya pili, nyuma ya Midnights ya Taylor Swift. Wapo walioyaona matokeo hayo kuwa uthibitisho kwamba bendi ilipotea njia mwaka 2018. Mimi nayaona kuwa bei, na bendi ilikubali kuilipa. Waliotaka magitaa wana albamu tano za kurudia, na hakuna aliyewanyang'anya. Walioondoka waliondoka kwa haki yao. Lakini anayetaka kuihukumu hoteli ya mwezini aihukumu kwa kilichomo ndani yake: kwa maneno yake, ambayo ni miongoni mwa maneno bora ya Turner, kwa mpangilio wake, ambao haukurupuki popote, na kwa dramu zake, ambazo zilistahili kuachiwa zaidi.