Mnyororo wa Ndani ya Injini ya Pikipiki

Yawapasa waendeshaji wa bodaboda wapandao vilima vya Kisii na Nyamira kuujua mnyororo wa taimingi, ambao si ule uzungushao gurudumu. Huu umo ndani ya injini, nao huzungusha kamshafti ifunguayo valvu. Pikipiki za Bajaj Boxer zinao. Injini za namna ya Honda CG125 hazina. Mnyororo ukichakaa hurefuka, na tenshona huukaza mpaka ifike mwisho wake. Ndipo husikika mlio wa vyuma vigonganavyo. Ukiruka meno, valvu zaweza kugonga pistoni. Basi fundi aulaze wa zamani kando ya mpya: uliochakaa utazidi kwa urefu. Lakini kutia mnyororo mpya na kuiacha tenshona iliyokwisha ni kupoteza fedha, kwani hautakazwa barabara. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.