Mkono ukivunjika, ujuzi wake huenda wapi?

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu kwamba methali hii inahusu ushirikiano, na kwamba kidole na chawa ni picha tu. Mnamo Mei 2024, mvua ya masika ikinyesha kana kwamba haitakoma, niliteleza kwenye ngazi zilizolowa maji, nikaanguka na kujikinga kwa mkono wa kulia. Tangu siku hiyo nimeielewa methali ile kwa maana yake ya kwanza kabisa. Nilishindwa hata kufunga kifungo cha blauzi.

Msomaji mpendwa, yamkini utauliza mkono wa mhadhiri mmoja unakuhusu nini. Wewe mwalimu unayesahihisha madaftari hadi usiku wa manane, nawe mwanafunzi unayenakili mafunzo kutwa, nyote mnaishi kwa mkono, ingawa hamsemi hivyo. Twajidai kuwa watu wa akili. Mimi nilijidai zaidi, hali nilikuwa naishi kwa mkono mara mbili: mchana kwa kalamu na chaki, jioni kwa sindano na uzi wa sufu. Naam, mimi ni mfumaji. Sijawahi kwenda safari, mkutano au matanga pasi na kufuma kitu mkobani mwangu.

Hospitalini nilikumbana kwanza na tatizo la lugha. Muuguzi aliniuliza kama nimeumia kiwiko, nami nikakana. Yeye alikusudia pale kiganja kinapokutana na kigasha, kama wazee wa pwani wanavyolitumia neno hilo. Mimi, kama Wakenya wengi wa leo, nilifikiri anataja kisugudi. Fauka ya hayo, neno lenyewe mkono kwetu huanzia begani na kukomea kwenye kucha. Tulielewana nilipomwonyesha kwa kidole cha mkono mzima. Picha ya eksirei ilithibitisha kwamba mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba ulikuwa umevunjika karibu na kifundo. Huu ni mvunjiko wa kawaida kwa mtu anayeanguka akijikinga kwa kiganja. Tabibu wa Ireland, Abraham Colles, aliueleza kwa maandishi mwaka 1814, na hadi leo hutajwa kwa jina lake.

Nilifungwa plasta kwa majuma 6. Niliagizwa niuinue mkono juu ya kimo cha moyo ili uvimbe upungue, nivue pete mapema, na nichezeshe vidole mara kwa mara visije vikakakamaa. Aidha, nilionywa kwamba vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nisingoje siku ya miadi. Haya nayaandika kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu hudhani plasta ikishakauka kazi ya mgonjwa imekwisha.

Nyumbani, kikapuni mwangu, mlikuwa na sweta ya mamangu. Mamangu anaishi Kinangop, ambako mwezi wa Julai baridi hupenya hadi kwenye mifupa. Mgongo ulikuwa tayari, kifua kilikuwa tayari, mkono mmoja ulikuwa umekamilika, na mkono wa pili ulikuwa umefika nusu. Kiswahili hakitofautishi mkono wa mtu na mkono wa vazi. Nilikuwa na mikono miwili iliyokatikia njiani.

Mamangu ndiye aliyenifundisha kufuma. Shuleni nilipata mazoezi tu. Mimi ni wa kizazi cha mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985, tuliosoma sanaa na ufundi pamoja na sayansi kimu. Wasiokuwa na fedha za kununua sindano tulifumia spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Nilikuwa na umri wa miaka 9 nilipomaliza kofia yangu ya kwanza. Tangu hapo sikumbuki mwezi uliopita bila mimi kufuma.

Kwa hiyo nilifanya upumbavu ambao sina budi kuukiri. Katika juma la kwanza, watu wakiwa wamelala, nilijaribu kufuma na plasta yangu. Nilibana sindano ndefu kwapani, kama mamangu afanyavyo, nikaiacha isimame yenyewe ili mkono wa kushoto ufanye kazi. Mbinu hii si mpya. Wanawake wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, wana mkanda wa ngozi uliotobolewa matundu, ambao hushikilia sindano moja kiunoni ili mtu afume hata akiwa anatembea. Lakini mkanda ule ulibuniwa kwa watu wenye mikono mizima. Nilifuma safu 2 kwa saa nzima, na asubuhi vidole vyangu vilikuwa vimevimba kama ndizi. Daktari alinikaripia, na alikuwa na haki. Kuchezesha vidole ni dawa. Kuvibebesha mzigo mfupa ungali mbichi ni kujiumiza upya.

Basi nilimpigia simu mamangu kumwarifu kwamba sweta itachelewa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Alinisikiliza, kisha akasema, "Usijali, mwanangu. Mimi nimeacha kufuma mwaka wa 4 huu."

Sikuamini. Kila Krismasi nilikuwa nampelekea uzi, naye huupokea kwa furaha. Nilimwuliza kulikoni.

"Vidole vimekataa. Ni hii baridi yabisi. Uzi wako nimeuweka sandukuni, sikutaka uache kuniletea."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia ufanye nini? Nilikuwa nangoja mmoja wa wajukuu aje aniombe nimfundishe, nimwelekeze kwa mdomo. Hakuna aliyekuja."

Mimi ninayejipatia riziki kwa kusikiliza jinsi watu wanavyosema sikuwa nimeusikia ukimya wa miaka 4 wa mama mzazi. Niliviona vidole vyake vilivyopinda kila nilipomzuru, nikadhani ni uzee. Ilibidi mfupa wangu uvunjike ndipo niulize.

Jioni hiyo nilimwita kijana wangu wa miaka 16 nikamwekea kikapu mbele yake. Aliniuliza, "Mama, hii si kazi ya wasichana?" Nikamwuliza kama amepata kuwaona wavuvi wa Lamu wakitengeneza nyavu zao, na kama angethubutu kuwauliza swali hilo. Akacheka, akaketi.

Ndipo yakaanza masomo yaliyonitoa jasho kuliko mhadhara wowote. Nilimwambia aingize sindano kwenye kitanzi. Akauliza, kwa mbele au kwa nyuma? Nikabaki kimya. Nilikuwa nimefuma maelfu kwa maelfu ya vitanzi, na sikuwa na jibu. Ilibidi nifumbe macho, nichezeshe vidole hewani ndani ya plasta, kisha nitafsiri: kwa kitanzi cha kawaida, uzi hukaa nyuma na sindano huingia kutoka mbele, kwa kile cha kinyume, uzi huja mbele na sindano huingia kutoka nyuma. Nikamwambia asikaze uzi sana. Akauliza, "Sana ni kiasi gani?" Hilo nalo sikuweza kulijibu. Nilichoweza ni kumshika uzi kwa mkono wa kushoto ahisi mvuto wake.

Michael Polanyi, msomi mzaliwa wa Hungary, aliandika kitabu mwaka 1966 kuhusu maarifa ya aina hii, ambayo mtu huwa nayo bila kuweza kuyaeleza yote kwa maneno. Nimekitaja kitabu hicho darasani mara nyingi. Hata hivyo, kukitaja ni jambo moja, na kuulizwa na mtoto "sana ni kiasi gani" ni jambo jingine.

Kijana alikosea, akafumua, akakosea tena, akafumua tena. Kiswahili chetu kina kiambishi cha ajabu cha kutengua tendo: funga na fungua, ziba na zibua, fuma na fumua. Mfumaji haogopi kosa, maana kilichofumwa hufumuka na uzi ukabaki mzima. Lakini kitenzi vunja hakina mwenzake wa namna hiyo. Mfupa hauvunjuliwi. Huungwa, na huunga kwa wakati wake, hauharakishwi na machozi wala na maombi. Funzo hili lilinikalia vibaya, mimi niliyezoea kwamba kila kosa hufumuliwa.

Plasta ilipotolewa nilitarajia kurudi mara moja kwenye sindano. La hasha. Mkono ulitoka mwembamba, mkavu, na kifundo hakikunji. Sikuweza kugeuza ufunguo kitasani. Nilipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nikawa natumbukiza mkono katika maji ya uvuguvugu, nakunja na kukunjua, naminya kitambaa kilicholowa. Niliporuhusiwa kufuma, nilianza kwa dakika 10 tu kwa siku, kwa uzi mnene na sindano nene, nikitumia sindano za mduara zilizounganishwa kwa waya laini ili uzito wa sweta ulale mapajani badala ya kuning'inia mkononi. Maumivu yakianza, naacha, hata kama imebaki nusu safu. Kwa mfumaji, kuacha nusu safu ni adhabu. Nguvu za mkono zilirejea kwa miezi mingi.

Si kila jeraha la mkono huja kwa kishindo kama langu. Kuna yale yanayonyemelea. Ndani ya kifundo cha mkono mna mfereji mwembamba wa mifupa na kano, na humo hupita neva inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Mfereji ukivimba, neva hubanwa. Mtu huamka usiku vidole hivyo vimekufa ganzi, akaukung'uta mkono apate nafuu, na mchana huangusha kikombe bila kujua sababu. Hali hii huwapata wajawazito, wenye kisukari, na wanaorudia tendo moja kwa mkono kwa muda mrefu. Ikigunduliwa mapema, huenda ikatosha kupumzika na kuvaa wakati wa kulala kifaa kinachonyoosha kifundo. Ikipuuzwa, upasuaji huwa hauepukiki kwa baadhi ya watu. Mwalimu mwenzangu, ganzi ya kila usiku si uchovu wa kawaida. Kaonane na daktari.

Lakini kuna jeraha jingine ambalo halionekani katika picha ya eksirei, nalo limo katika elimu yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya ufundi yalipunguzwa katika mtihani wa shule za msingi, na wengi tulishangilia kwamba mzigo umepungua. Kizazi kizima kikasoma bila kushika sindano. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 uliahidi kuurudisha mkono darasani. Ahadi hiyo ni njema. Ila sote tunajua yatendekayo: mtoto hupewa kazi ya kutengeneza kikapu, mzazi akakimbilia sokoni kununua kikapu, au akakesha akikitengeneza mwenyewe, na mwalimu akatoa alama. Nani amejifunza? Kikapu kibovu kilichosukwa na mtoto kina elimu ndani yake. Kizuri kilichonunuliwa hakina.

Mkono husahau usipotumiwa, nao husahau bila kutoa ilani. Ujuzi ulio katika vidole vya nyanya na babu zetu haukuandikwa kitabuni, na kama nilivyogundua kwa aibu, hauwezi kuandikwa wote. Njia yake ni moja: mtu kuketi karibu na mtu, mmoja akikosea na mwingine akitazama.

Sweta ilikamilika mwezi wa Septemba, baridi ya Kinangop ikiwa imepungua. Tuliipeleka pamoja na kijana wangu. Mamangu aliivaa, akapitisha vidole vyake vilivyopinda juu ya mkono wa kulia, akafika pale ambapo vitanzi vinabadilika ghafla, vingine vikiwa vimekazwa mno na vingine vimelegea.

"Huu mkono ni wa nani?" akauliza.

"Ni wa mjukuu wako," nikamjibu.

Hakusema neno. Alifungua sanduku, akatoa uzi wa Krismasi 4, akamwita kijana aketi karibu naye. Nilitoka nje nikawaacha. Nilimsikia akimwambia asikaze sana, na kijana akimwuliza kiasi gani.

Mwalimu na mwanafunzi mwenzangu, kabla hujafika mwisho wa juma hili, mtafute mzee mmoja katika ukoo wako, uitazame mikono yake, na umwulize ilikuwa ikifanya nini. Usingoje wako uvunjike.