Mkopo wa Kungojea Mshahara: Bei Yake na Haki Yake

Kipsongo ni mtaa wa watu wa kipato kidogo katika mji wa Kitale, nchini Kenya. Wakazi wake wengi ni Waturkana. Wako wafanyao kibarua katika mashamba ya mahindi, wako wakusanyao vyuma vikuukuu na chupa ili kuviuza, na wako wenye biashara ndogo ndogo. Fedha za watu kama hawa haziji kwa mpango mmoja. Wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna kazi huwa nyingi. Katikati yake kazi hupungua. Lakini njaa haina msimu, kodi ya nyumba haingoji, na mtoto hushikwa na homa usiku bila kuuliza kama baba yake amekwisha kulipwa.

Hii ndiyo sababu mkopo mdogo wa kungojea mshahara umepata wateja wengi, mijini na mashambani. Mtu hupewa fedha leo, naye huahidi kuzirudisha siku ya kulipwa. Jambo hili peke yake si ovu. Taabu ni kwamba watu wengi hukitazama kiasi wanachopewa, wala hawaitazami bei wanayotozwa. Wazee husema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Yafaa basi ieleweke ni nini kinachoigeuza harusi hiyo kuwa matanga.

Hesabu ya mkopaji

Mathalani kibarua alipwaye shilingi 9,000 kwa mwezi amekopa shilingi 2,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye watu humwita shailoki. Sharti ni kurudisha shilingi 2,400 mwisho wa mwezi. Shilingi 400 huonekana ni kitu kidogo, hasa kwa mtu ambaye mtoto wake ni mgonjwa.

Mwisho wa mwezi umefika. Kibarua amelipa kodi, amenunua unga, amelipa karo. Hawezi tena kutoa shilingi 2,400 kwa mara moja. Mkopeshaji humwambia, "Nipe faida yangu tu, deni likae." Kibarua hutoa shilingi 400 na kushukuru. Mwezi wa pili hufanya vivyo hivyo, na wa tatu pia. Baada ya miezi sita amekwisha kutoa shilingi 2,400, na baada ya mwaka mzima ametoa shilingi 4,800. Na hata hivyo deni lake la shilingi 2,000 liko pale pale, halikupungua hata senti moja.

Hapo ndipo penye hatari. Mkopo uliochukuliwa kwa siku thelathini umekuwa mkopo wa mwaka, na bei iliyofaa kwa dharura ya usiku mmoja imekuwa kodi ya kila mwezi. Tena mara nyingine mkopeshaji huchukua kitambulisho cha mdeni kiwe rehani. Mtu asiye na kitambulisho hupata shida ya kuandikwa kazi, wala hawezi kutoa fedha zake kwa wakala wa M-Pesa. Basi rehani yenyewe humzuia mdeni kuipata fedha ya kulipia deni.

Hesabu ya mkopeshaji

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba kila mkopeshaji ni mnyang'anyi. Naye ana hesabu yake. Tuseme amewakopesha watu kumi, kila mmoja shilingi 2,000. Ametoa shilingi 20,000. Wote wakilipa, atapata shilingi 24,000. Lakini mmoja akihama usiku bila kulipa, atapata shilingi 21,600 tu. Wawili wakitoroka, atapata shilingi 19,200, naye amekula hasara ya shilingi 800, ijapokuwa riba yake ilikuwa asilimia 20.

Mbali na hayo, kazi ya kuandika mkopo wa shilingi 2,000 na kuufuatilia haipungui sana kuliko kazi ya mkopo wa shilingi 200,000. Ndiyo sababu mikopo midogo huwa ghali. Tena hesabu hii yaonyesha jambo jingine: mkopaji mwaminifu hulipa si deni lake tu, bali na sehemu ya deni la mtoro. Akataaye kulipa ilhali anaweza hamdhulumu tajiri peke yake. Humwongezea bei jirani yake.

Basi haki iko wapi? Mkopo wa haki ni ule ambao mkopeshaji hupata faida mdeni wake anapolipa na kumaliza. Mkopeshaji apataye faida kubwa zaidi mdeni anaposhindwa hana sababu ya kutaka deni liishe.

Mikopo ya simu

M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya mwaka 2007, na mwezi Novemba 2012 ukaja mkopo wa M-Shwari. Ada yake ya kwanza ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa mkopo wa shilingi 2,000 hiyo ni shilingi 150, nafuu kubwa kuliko shilingi 400. Lakini mtu akiukopa upya kila mwezi kwa ada hiyo, kwa mwaka atatoa shilingi 1,800. Nafuu haifuti hatari ya mazoea.

Baadaye kampuni nyingi za kukopesha kwa simu zilitokea bila ya kusimamiwa na Benki Kuu. Baadhi yao zilikuwa zikiwapigia simu jamaa, marafiki na hata wakubwa wa kazi wa mdeni ili kumwaibisha. Sheria iliyoanza kutumika Desemba 2021, pamoja na kanuni za Machi 2022, ziliziweka chini ya Benki Kuu ya Kenya. Kampuni hupaswa kuwa na leseni na kumweleza mkopaji gharama zote kabla hajakopa. Vitisho na matusi vimekatazwa, na kuwasumbua watu walio katika orodha ya simu ya mdeni kadhalika.

Mfuko wa Hustler wa serikali, uliofunguliwa tarehe 30 Novemba 2022, uliweka riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Shilingi 2,000 kwa siku 14 hutozwa kama shilingi 6. Lakini mkopaji mpya huenda akapewa shilingi 500 tu, na nyumba yenye mgonjwa haitoshelezwi na shilingi 500. Ndiyo maana shailoki hajakosa wateja.

Mambo ya nchi nyingine

Tatizo hili si la Kenya peke yake. Huko Marekani ada ya kawaida ya mkopo wa namna hii imekuwa dola 15 kwa kila dola 100, kwa majuma mawili. Mtu akiurudia mwaka mzima atalipa dola 390 kwa ajili ya dola 100. Huko Uingereza, tangu Januari 2015, riba na ada haziruhusiwi kupita asilimia 0.8 kwa siku, na gharama zote pamoja haziwezi kupita kiasi kilichokopwa. Aliyekopa pauni 100 hawezi kudaiwa zaidi ya pauni 200, hata achelewe namna gani.

Kanuni inayofanana na hiyo imo katika Sheria ya Mabenki ya Kenya. Mkopo wa benki ukikwama, riba inayozidi kuongezeka haiwezi kupita kiasi cha deni kilichobaki siku ulipokwama. Lakini kibarua wa Kipsongo hakukopa benki.

Maswali manne

Mwenye kutaka kukopa na aulize mambo manne kabla ya kupokea fedha. Nitapata ngapi mkononi? Nitarudisha ngapi? Baada ya siku ngapi? Na nikichelewa, itakuwaje? Mkopeshaji asiyetaka kulijibu swali la nne kwa maandishi ni afadhali kuachana naye.

Kama deni limekwisha kukaa, yafaa kulipa faida na sehemu ya deni lenyewe, hata ikiwa ni shilingi 200 tu. Yule kibarua, kama angeongeza shilingi 200 juu ya faida kila mwezi, na mkopeshaji akakubali kupunguza faida kwa kadiri deni linavyopungua, angemaliza kwa miezi kumi, naye angekuwa ametoa faida ya shilingi 2,200 badala ya kudaiwa bila mwisho.

Iliyo bora zaidi ni akiba. Vyama vingi vya kuweka na kukopa vimekuwa vikitoza asilimia 1 kwa mwezi, yaani shilingi 20 kwa shilingi 2,000, na faida hurudi kwa wanachama wenyewe. Katika chama kidogo cha majirani mkopeshaji na mkopaji hukaa katika duara moja, nao hujuana. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kinga yake ni shilingi chache zilizowekwa wakati wa mavuno, kabla mtoto hajashikwa na homa.