Msimu Mpya, Presha Ileile: Wana wa Munanila na Mechi 13 Zisizo na Mashabiki

Ngao ya Jamii ya 2025 ilikuwa Septemba 16, Simba na Yanga wakakutana, na kesho yake Ligi Kuu ya 2025/26 ikafunguliwa. Huku Munanila, wilayani Buhigwe mkoani Kigoma, presha ilishapanda kinoma. Kijiwe cha bodaboda hakikuwa na stori nyingine. Abiria anaita mara mbili, wana bado wanabishana nani ataanza winga ya kushoto. Sokoni ni hivyohivyo: mzee anapima maharage, huku anamuuliza dogo kama ni kweli yule kiungo amesaini au ni tetesi tu za mtandaoni. Mvua zikikaribia hapa tunatafuta mbegu, majembe na ratiba ya ligi kwa wakati mmoja.

Mapumziko ya safari ile yalikuwa marefu, na msimu wa 2024/25 ulituacha na donge rohoni. Dabi ya Machi 8, 2025 haikupigwa. Simba waligoma kupeleka timu baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, mchezo ukaahirishwa. Watu walishajipanga, vibanda umiza vya kuonyesha mpira vimeshafungua mlango, wengine wameshalipa. Ikaja kupigwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa wa nne mfululizo, wa 31 kwenye historia yao. Agosti ikaingia CHAN, tukaisahau ligi kidogo tukawa wamoja nyuma ya Taifa Stars, mpaka Morocco walipotutoa robo fainali kwa bao 1-0. Kuanzia siku hiyo wana wakarudi kwenye rangi zao.

Wana wa Simba nawaelewa kabisa. Msimu ule ulipoanza, ubingwa wao wa mwisho wa ligi ulikuwa wa 2020/21. Mei 2025 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakapigwa 2-0 kule Berkane, marudiano Zanzibar yakaisha 1-1. Watu walitoka kibandani kimya, hakuna aliyewasha hata pikipiki kwa fujo. Halafu likaja lile la usajili: Mohamed Hussein, Tshabalala, nahodha, mtu aliyekaa Msimbazi tangu 2014, kavuka kwenda Jangwani kwa Yanga. Mwaka mmoja kabla yake aliyevuka hivyo alikuwa kiungo Chama. Kuna masela hapa ambao jezi zao zina jina la Tshabalala mgongoni, na hela ya jezi ile ilitoka kwenye kahawa ya nyumbani. Usiwacheke. Mtu akipenda timu kwa jasho lake ana haki ya kuumia.

Na wana wa Yanga msijione mmetoboa. Kiungo Aziz Ki alishakwenda Wydad mwaka 2025, kocha akawa mwingine, na kila mtu anajua kiu iliyobaki ni ya Afrika. Mwaka 2023 fainali ya Shirikisho iliwaponyoka kwa sheria ya bao la ugenini: wamefungwa 2-1 kwa Mkapa, wakaenda kushinda 1-0 kwa USM Alger, kombe likabaki Algeria. Ubingwa wa ndani mara nne mfululizo ni heshima kubwa, lakini kijiweni swali linakuja kila jioni: Afrika lini?

Hayo yote ni stori tamu, na mimi nayapenda kama mwana mwingine yeyote. Ila kuna jambo linanikaa rohoni kila ligi ikikaribia, na leo nalisema wazi. Mkoa wetu una timu Ligi Kuu. Inaitwa Mashujaa. Mbona tunaikumbuka siku Simba au Yanga wanapokuja tu?

Tukumbushane tulikotoka. Kwa miaka mingi mtoto wa Kigoma akitaka kuona Ligi Kuu kwa macho yake ilibidi asafiri nje ya mkoa. Julai 25, 2021 tulipewa fainali ya Kombe la FA pale Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, kichwa cha Taddeo Lwanga kikaamua, 1-0. Watu walishuka kutoka Kasulu, Kibondo, Buhigwe, Kakonko, wengine walilala mjini bila godoro. Siku ile mkoa ulionyesha una watu. Lakini ilikuwa sherehe ya wageni kwenye uwanja wetu.

Miaka miwili baadaye Mashujaa, timu ya jeshi, JWTZ, wakawatoa Mbeya City kwenye mchujo na kupanda. Msimu wao wa kwanza tu, Aprili 9, 2024, wakamkaribisha Simba kwenye Kombe la Shirikisho la CRDB, lilelile la FA. Dakika 90 zikaisha 1-1. Penalti: Mashujaa 6, Simba 5. Mnyama kafia mwisho wa reli! Vijana wa kocha Mohamed Abdallah, Bares, walisimama mbele ya timu yenye bajeti ambayo wao hawaigusi, na hawakutetemeka. Hapa Munanila siku hiyo kulikuwa na kitu sijawahi kukiona: wana wa Simba wameumia, lakini chini ya maumivu kuna tabasamu, kwa sababu waliowatoa ni wa kwao. Mzuka ule ulitakiwa ubaki. Ukapoa ndani ya wiki.

Sasa sikia hesabu hii, mwanangu, ni fupi. Ligi ina timu 16. Mashujaa wanacheza nyumbani mara 15. Mbili ni Simba na Yanga, uwanja unafurika nyekundu au kijani na njano, na wenyeji wanajikuta wako ugenini nyumbani kwao. Zinabaki 13. Hizo 13 ndizo zinazoamua kama Kigoma inabaki Ligi Kuu au inashuka, na hizo ndizo majukwaa yana nafasi tele. Kiingilio, baada ya makato, ni cha mwenyeji. Kila tiketi unayonunua siku anapokuja Namungo au Dodoma Jiji inaingia kwenye kapu la timu yetu.

Na kushuka si hadithi ya kutishia watoto. Wa 15 na wa 16 wanateremka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanaingia kwenye mchujo. Kagera Sugar, majirani zetu, waliokaa Ligi Kuu miaka mingi mpaka tukadhani hawawezi kutoka, walishuka mwaka 2025 pamoja na KenGold. Waliopanda walikuwa Mtibwa Sugar na Mbeya City. Ndiyo, Mbeya City haohao tuliowatoa 2023 walirudi, wakawa na safari ya Kigoma na hasira zao. Mimi mechi hiyo niliiweka mbele kuliko nusu ya zile zilizopigiwa kelele.

Najua mtaniambia kuhusu nauli. Ni kweli, na sitaki kulipita juujuu. Kutoka Munanila mpaka ushike lami ya Manyovu, ushuke Mwandiga, uingie mjini, ni mkwanja. Mechi nyingi ni saa 10 jioni, nyingine katikati ya wiki, na kurudi mlimani usiku ni kazi. Kijana anayebeba mizigo sokoni hawezi kuchoma hela ya siku mbili kila wiki. Wanaopanga ratiba wangetupa Jumamosi na Jumapili nyingi zaidi, wangeona tofauti. Lakini naona pia wana wanaokosa nauli ya mechi moja kwa msimu mzima ni haohao wanaochana mikeka ya kubeti kila wikiendi. Buku hapa, buku pale, timu za Ulaya ambazo hata mji wake hawaujui. Hesabu mikeka ya mwezi mmoja, kisha niambie kama nauli haimo humo. Mkichanga wana kadhaa na mkakodi Noah, mchongo unakuwa mwepesi kabisa.

Zamani hata kutazama kibandani ilikuwa shida, jenereta likizima dakika ya 80 mnaambiwa mrudi kesho. Gridi ya taifa ilipofika Kasulu mwaka 2022 mambo yakaanza kunyooka, na leo kwa jero unakaa kwenye benchi unaona mpira mzima. Ni hatua kubwa. Ila kibanda hakilipi mshahara wa mchezaji wa Mashujaa.

Na kuna madogo wetu. Nenda jioni kwenye kiwanja chochote cha shule huku milimani, uone mtoto anavyomiliki mpira kwenye uwanja ulioinama, peku, baridi inauma. Hajafundishwa na mtu. Sijawahi kumwona skauti akipanda kilima hiki. Dogo anacheza UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, anang'aa, anarudi shambani, basi. Mkoa huu ndio ulimtoa Juma Kaseja, kipa aliyesimama golini kwa Simba, Yanga na Taifa Stars. Vipaji havikuisha kwake. Timu ya Ligi Kuu ikiwa mkoani, dogo ana mahali pa kwenda kujaribiwa bila kukatiwa tiketi ya Dar. Ikishuka, mlango ule unafungwa.

Majirani zetu Warundi hapo mpakani walishatuonyesha kwamba inawezekana. Amissi Tambwe alivuka akawa mfungaji bora wa ligi yetu mara mbili, 2013/14 na 2015/16. Saido Ntibazonkiza akagawana kiatu na Mayele 2022/23, mabao 17 kila mmoja. Huku tuliwashangilia kama ndugu, na ni ndugu kweli. Natamani kabla sijazeeka nimshangilie mtoto wa Buhigwe namna hiyo.

Sikuombi uache Simba wala Yanga. Penda timu yako, vaa jezi yako, bishana mpaka sauti ikauke. Ninachokuomba ni mechi moja. Ratiba ikitoka, kaa na wana, chagueni moja kati ya zile 13, changeni nauli, mshuke Lake Tanganyika mkaishangilie Mashujaa dakika zote 90. Na kama una dogo anayejua mpira, nenda naye.