Mkoba wa Mwandishi: Mipangilio ya Mtumiaji katika Tarakilishi Zaidi ya Moja

Katika karne hii ya sayansi na teknolojia, mwanafunzi wa Kiswahili hawezi tena kudai kwamba tarakilishi ni chombo cha wanasayansi peke yao. Tasnifu, makala na hata diwani za mashairi huandikwa kwayo. Hata hivyo, mafunzo mengi yanayotolewa kuhusu chombo hiki huishia katika kuandika, kuhifadhi na kuchapisha. Jambo moja husahauliwa. Mbali na kazi anayoiandika, mwandishi hujenga ndani ya mashine hazina nyingine ndogo: maneno aliyoifunza mashine iyatambue, alama alizozitafutia vitufe vyake, masahihisho aliyoyakataza. Hazina hiyo hukaa katika faili ambazo wengi hawajapata kuziona kwa macho. Makala haya yanadhamiria kueleza faili hizo ni zipi, zinakaa wapi, na jinsi mtu anayetumia mashine zaidi ya moja anavyoweza kuzitunza zisipotee wala zisigongane.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayeishi Bamburi, upande wa Kisauni, naye anasomea Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Nyumbani ana kipakatalishi kikuukuu chenye programu ya LibreOffice. Chuoni hutumia mashine za maabara zenye Microsoft Word. Siku kipakatalishi kinapogoma, huingia saiba iliyo kando ya barabara ya Malindi, akalipa kwa dakika. Anaandika tasnifu juu ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, na data yake ni mazungumzo aliyoyarekodi kwa wazee. Akiwa nyumbani anaandika *ndia*, yaani njia kwa Kiswahili sanifu. Mashine inaupiga neno hilo mstari mwekundu, naye analiongeza katika kamusi yake binafsi. Kesho yake, Kilifi, mstari mwekundu upo pale pale. Analiongeza tena. Keshokutwa analiongeza mara ya tatu saibani, na akirudi wiki ijayo mashine ya saiba imesahau kila kitu, kwa kuwa baadhi ya saiba hurejesha mashine zao katika hali ya awali kila zinapozimwa.

Uzito wa jambo hili kwa mwanaisimu

Huenda msomaji akauliza, je, mstari mwekundu una madhara gani? Kwa mwandishi wa barua hauna madhara makubwa. Kwa mtafiti wa lahaja hali ni tofauti kabisa.

Kikagua tahajia si mjuzi wa lugha. Ni orodha ya maneno pamoja na kanuni chache za viambishi, na orodha hiyo imejengwa juu ya Kiswahili sanifu. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ulifanya kazi ya kupigiwa mfano katika kuipa tarakilishi Kiswahili, lakini haukukusudiwa kuingiza lahaja zote za pwani. Kwa hiyo *ndia* huonekana kosa. Jambo la kutisha zaidi ni *ndoo*. Mzee wa Mombasa akisema *ndoo* kwa maana ya njoo, mashine hunyamaza, kwa sababu katika Kiswahili sanifu ndoo ni chombo cha kutekea maji. Ukimya wa mashine basi si ushahidi wa usahihi, kama vile wekundu wake si ushahidi wa kosa.

Mtafiti aliyechoka hukubali. Baada ya kuliongeza *ndia* mara tatu, mara ya nne hubofya pendekezo la mashine, na neno la mzee likageuka *njia*. Data imeharibika, na hakuna msimamizi atakayegundua, maana kilichoandikwa ni Kiswahili safi. Hapa ndipo suala la faili ndogo zilizofichika linapoacha kuwa suala la mafundi wa mitambo na kuwa suala la uaminifu wa utafiti.

Ritifaa nayo ina mkasa wake. Programu ya kuandikia ikipangwa kupindisha alama za nukuu, ritifaa ya *ng'ombe* huandikwa kwa alama iliyopinda; isipopangwa hivyo, huandikwa kwa alama iliyonyooka. Kwa jicho la msomaji ni kitu kimoja. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti, zenye namba tofauti katika mfumo wa Unicode: U+2019 na U+0027. Ipo hata ya tatu, U+02BC, iliyokusudiwa pale alama hiyo inapokuwa sehemu ya herufi. Tasnifu iliyoandikwa nusu Bamburi na nusu Kilifi yaweza kuwa na *ng'* za aina mbili, na programu ya kuhesabu maneno ikazihesabu kama maneno mawili. Mwanafunzi wa Kimvita huumia maradufu, kwa kuwa lahaja hiyo hutofautisha *paa* la nyumba na *p'aa* mnyama wa porini kwa mpumuo, na wengi huonyesha mpumuo huo kwa ritifaa hiyo hiyo. Wanaonakili mashairi ya zamani, kama yale ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, wanajua pia adha ya neno lililodondoshwa silabi ya mwanzo: ritifaa inayotangulia neno hupindishwa upande usiofaa, kana kwamba nukuu imefunguliwa na haikufungwa.

Tena kuna *i*. Mahali ambapo masahihisho ya Kiingereza yamewashwa, *i* inayosimama peke yake hugeuzwa *I*. Mwanafunzi anayechanganua kitenzi na kuacha nafasi baina ya mofimu hujikuta na kiambishi chenye herufi kubwa katikati ya neno. Akilizima sahihisho hilo nyumbani, Kilifi bado limewashwa.

Faili zenyewe na makao yake

Mipangilio ya mtumiaji, kwa sehemu kubwa, ni faili za kawaida tu. Zimefichwa ili mtumiaji asizifute kwa bahati mbaya. Katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwemo, faili ambayo jina lake linaanza kwa nukta haionyeshwi katika orodha ya kawaida. Rob Pike, mmoja wa wataalamu waliofanya kazi na waasisi wa Unix, alieleza mwaka wa 2012 kwamba desturi hiyo ilizuka kwa njia ya mkato: programu ya kuorodhesha faili ilikusudiwa kuruka viingilio viwili tu, nukta moja na nukta mbili, lakini kwa wepesi ikaandikwa iruke kila jina linaloanza kwa nukta. Watu wakaona hapo pana maficho, wakaanza kuweka mipangilio yao humo. Lugha nayo ina mifano mingi ya kosa lililogeuka kanuni.

Katika Windows, maficho ni kabrasha liitwalo AppData lililo ndani ya kabrasha la kila mtumiaji. Humo, chini ya Microsoft na UProof, imo faili iitwayo CUSTOM.DIC, nayo ndiyo kamusi binafsi ya Word. Ukiifungua kwa programu nyepesi ya kuandikia utaona maneno yako, moja kwa kila mstari. LibreOffice huweka yake, standard.dic, katika kabrasha la wordbook ndani ya mipangilio ya mtumiaji; nayo ni orodha kama hiyo, ila inatanguliwa na mistari michache ya utambulisho, ukiwemo unaotaja lugha na unaotaja aina ya kamusi.

Aina hiyo inastahili kusemwa zaidi, maana wengi hawaijui. LibreOffice inaruhusu kamusi za aina mbili: ya maneno yanayokubaliwa na ya maneno yanayokatazwa. Katika ile ya pili mwandishi anaweza kuorodhesha makosa yake mwenyewe ya mazoea, tuseme *dhamani* na *thambi*, akaandika kando ya kila moja neno lililo sahihi, *thamani* na *dhambi*. Mhadhiri wa matumizi ya lugha anaweza kuunda orodha kama hiyo kutokana na insha za wanafunzi wake, akawagawia.

Lipo pia suala la lebo ya lugha. Maandishi ya Kiswahili ndani ya tarakilishi hubeba alama, ama sw-KE kwa Kiswahili cha Kenya ama sw-TZ kwa cha Tanzania. Orodha ya maneno ya Kiswahili inayotumiwa na LibreOffice imetambulishwa kwa alama ya Tanzania. Mkenya anayechagua nchi yake kwa uzalendo huenda akashangaa kuona hakaguliwi kitu, akadhani maandishi yake hayana doa. Chaguo hili nalo ni mpangilio unaopaswa kufanana katika kila mashine.

Namna ya kuubeba mkoba

Njia inayowajia wengi kwanza ni kunakili faili kutoka mashine hii na kuibandika juu ya ile ya mashine nyingine. Njia hii hupoteza. Maneno yaliyoongezwa Kilifi tangu nakala ya mwisho yanafutwa na orodha iliyotoka Bamburi. Programu za kulinganisha makabrasha kupitia mtandao hazikwepi tatizo hili: faili moja ikibadilishwa mahali pawili kabla ya kulinganishwa, ama moja huishinda nyingine, ama hubaki nakala mbili na mwenyewe akaachiwa aamue.

Lililo bora ni kuziunganisha orodha. Katika Linux, amri ya sort ikiongezewa alama ya -u hupanga maneno ya faili zote kwa pamoja na kuondoa yaliyorudiwa, kazi ya nukta moja. Lakini muungano nao una hila yake. Ikiwa mwanafunzi aliongeza *mazungunzo* kwa makosa, kisha akalifuta nyumbani, orodha ya Kilifi italirudisha. Orodha mbili peke yake haziwezi kueleza kama neno lililo huku na lisilo kule limeongezwa ama limefutwa. Ili kujua hilo lazima pawepo na kumbukumbu ya hali iliyotangulia. Kazi hiyo hufanywa na programu kama Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux: hutunza kila hali ya faili na tarehe yake, na kwa kulinganisha hali tatu (ya awali, ya huku na ya kule) huweza kutambua kilichoongezwa na kilichoondolewa. Maneno yakikaa moja kwa kila mstari, ulinganishaji huo huwa rahisi.

Basi mpango unaoweza kumfaa mwanafunzi wetu wa Bamburi ni kuwa na kabrasha moja tu lililo asili, na kwamba asili hiyo isiwe faili ya programu yoyote. Word hupendelea mfumo mmoja wa kuweka herufi na LibreOffice mwingine, na mistari ya utambulisho ya LibreOffice ikiingia katika kamusi ya Word hugeuka maneno yasiyo na maana. Aandike orodha tupu ya maneno katika faili ya maandishi ya kawaida, ya UTF-8, kisha kutokana nayo atengeneze ya Word na ya LibreOffice. Programu huja na kupita. OpenOffice yenyewe ilizaa LibreOffice mwaka wa 2010.

Kuhusu usafirishaji, tangu nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, mtandao umekuwa njia inayotegemeka kuliko ilivyokuwa. Kwa saiba, hata hivyo, diski ya flashi bado ina nafasi yake. Ipo LibreOffice ya kubebeka, inayokaa ndani ya flashi pamoja na mipangilio yake yote; mashine ya saiba ikizimwa na kusahau, flashi haisahau. Ubaya wake unajulikana: flashi huokota virusi mashine hadi mashine, nayo hupotea katika matatu. Nakala ya asili isikae humo peke yake.

Yasiyofaa kubebwa

Si kila mpangilio ni wa kusambazwa. Nywila na funguo za siri, pamoja na mipangilio ya kivinjari inayozihifadhi, zisiingie katika kabrasha hilo kabisa, seuze kufunguliwa saibani. Hilo husemwa mara kwa mara. Lisilosemwa ni kwamba kamusi binafsi yenyewe ina siri. Mtafiti huongeza majina ya watu ili mashine iache kuyapiga mstari, na baada ya miezi kadhaa majina ya wazee aliowahoji, aliowaahidi kwamba hawatatajwa, yamo yote katika CUSTOM.DIC, yamechanganyika na *ndia* na *mato*. Akiwapa wenzake kamusi hiyo kwa nia njema, amevunja ahadi. Majina na yatengewe orodha ya pili, isiyotoka nje ya kipakatalishi.

Orodha iliyosafishwa hivyo inaweza kufanywa zaidi ya kinga dhidi ya mstari mwekundu. Kila neno likiandikiwa kando mahali liliposikika na tarehe, faili ile ile inayoinyamazisha mashine inakuwa mbegu ya faharasa mwishoni mwa tasnifu, na wanafunzi watano wa lahaja moja wakiziunganisha zao, wana msamiati ambao mtunga kamusi angeutafuta kwa miaka. Aidha, akaunti za maabara huweza kufungwa mwanafunzi anapohitimu, na pamoja nazo kabrasha la AppData na yote yaliyomo. Nakala ya CUSTOM.DIC ichukuliwe kabla ya siku hiyo.