Ghala la hewa ya ukaa: nafasi tele, mlango mwembamba

Bei ya kuhifadhi tani moja ya hewa ya ukaa chini ya ardhi hutajwa siku hizi kwa wepesi, kana kwamba ni bei ya gunia la mahindi. Anayefungua hesabu za miradi iliyokwisha kujengwa hukuta kwamba bei moja haipo. Mradi mmoja wa Norway ulikadiriwa kugharimu dola 17 za Marekani kwa tani. Mwingine huko Australia umemeza mabilioni, na bado unapokea chini ya nusu ya mzigo uliopangwa.

Biashara hii ilianzia kwenye kodi. Mwaka 1991 Norway iliweka kodi ya hewa ya ukaa kwa machimbo ya mafuta na gesi ya baharini. Gesi ya Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini, ilikuwa na hadi asilimia 9 ya hewa hiyo, wakati wanunuzi hawakutaka izidi asilimia 2.5. Kwa hiyo ilikuwa lazima itenganishwe kwa vyovyote vile, na swali lililobaki ni iende wapi. Kuiachia angani kulimaanisha kulipa kodi iliyofikia takriban dola 50 kwa tani. Kampuni ya Statoil, ambayo sasa inaitwa Equinor, ilipiga hesabu, na kuanzia mwaka 1996 ikawa inaisukuma kwenye mwamba wa mchanga uitwao Utsira, kati ya mita 800 na 1,000 chini ya sakafu ya bahari. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa zikiingia karibu tani milioni 1 kila mwaka kupitia kisima kimoja.

Kina hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kuanzia mita 800 hivi kwenda chini, shinikizo hubana hewa hiyo hadi ikawa nzito karibu kama kimiminika, na tani moja huchukua nafasi ndogo mno ukilinganisha na juu. Hata hivyo vitundu vya mwamba si vitupu. Vimejaa maji ya chumvi, na kila tani inayoingia lazima iyasogeze maji hayo. Yasiposogea, shinikizo hupanda na kisima hulazimika kupunguza mwendo. Hapo ndipo fedha nyingi zimepotea.

Makadirio ya ukubwa wa ghala nayo yamekuwa yakiyumba. Utsira iliwahi kutangazwa kuwa na nafasi ya tani bilioni 600, za kutosha mitambo yote ya umeme ya Ulaya kwa karne kadhaa. Mwaka 2011 serikali ya Norway ilitoa atlasi yake, na humo Utsira pamoja na mwamba jirani wa Skade zilipewa takriban tani bilioni 16. Mwamba ni ule ule. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Kwa dunia nzima, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2025 ulitoa nafasi iliyo salama kuwa tani bilioni 1,460, takriban moja ya kumi ya makadirio ya awali.

Snøhvit, pia ya Norway, ilipata somo mapema. Ilianza kusukuma mwaka 2008 kwenye mwamba wa Tubåen, na baada ya tani milioni 1.1 tu shinikizo likawa limepanda kiasi cha kutisha. Mwaka 2011 mzigo ulihamishiwa mwamba mwingine, Stø.

Lakini hesabu inayoumiza zaidi ni ya Gorgon, katika Kisiwa cha Barrow, Australia Magharibi, mradi unaoendeshwa na Chevron. Mtambo wa kuhifadhi ulianza Agosti 2019, zaidi ya miaka mitatu baada ya gesi kuanza kusafirishwa. Uligharimu dola za Australia bilioni 3.1, ukikusudiwa kupokea hadi tani milioni 4 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, kila tani ya uwezo wa mwaka iligharimu dola 775. Katika mwaka wa fedha 2023/24 ziliingia takriban tani milioni 1.6. Gawanya tena: mtaji umekuwa karibu dola 1,940 kwa tani ya mwaka. Sababu kubwa ni visima vya kuondolea maji, ambavyo vilisumbuliwa na mchanga. Mwaka 2021 kampuni ilikubali kununua vyeti vya kaboni vya tani milioni 5.23 ili kufidia upungufu wake. Gharama hiyo haikuwamo kwenye bajeti ya awali.

Mradi unaotazamwa sasa ni Northern Lights, wa Equinor, Shell na TotalEnergies, ambao unauza nafasi kwa viwanda vya watu wengine. Meli huleta mzigo hadi Øygarden, kisha bomba la kilomita 100 huupeleka kwenye mwamba ulio mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Agosti 2025 uliingia mzigo wa kwanza, kutoka kiwanda cha saruji cha Brevik. Awamu ya kwanza ni ya tani milioni 1.5 kwa mwaka, na serikali ilibeba takriban asilimia 80 ya gharama zake. Awamu ya pili itaongeza tani milioni 3.5 kwa krona bilioni 7.5. Mtaji huo ukigawanywa kwa miaka 15 unakuwa krona 143 kwa tani, yaani dola 14 hivi, kabla ya riba na uendeshaji. Lakini hiyo ni iwapo visima vitapokea kila tani iliyoandikwa.

Kwa mwenye kiwanda, kuhifadhi ni sehemu tu ya bili. Shirika la Nishati la Kimataifa limekadiria kunasa hewa hiyo kwenye saruji au umeme kuwa dola 40 hadi 120 kwa tani. Upande wa mapato, Marekani inatoa nafuu ya kodi ya dola 85 kwa tani tangu sheria ya mwaka 2022, na vibali vya Ulaya viliuzwa kati ya euro 50 na 80 hivi mwaka 2024. Stockholm Exergi imeshachukua hadi tani 900,000 kwa mwaka za awamu ya pili, kwa miaka 15. Awamu hiyo inatarajiwa kufunguliwa mwaka 2028.